Kumtembeza mama Kroatia: ngome, kasri na makumbusho gani yanafaa kwa safari za siku moja?

Mwana_wa_Tanga ameuliza:

Salaam kwenu nyote. Ninaishi Graz, kusini mwa Austria, na mwezi wa Septemba mama yangu atakuja kunitembelea kutoka Tanga. Mama ni mwalimu mstaafu wa historia, na tangu alipofahamu kwamba Zagreb ni mwendo wa saa mbili na ushei kwa gari kutoka hapa, hataki tena kusikia habari za maduka wala bustani za Vienna. Anachotaka ni kuona ngome, makumbusho na miji ya kale ya Kroatia, na zaidi ya yote kijiji alikozaliwa Josip Broz Tito, kiongozi wa zamani wa Yugoslavia, kwa sababu mwaka 1970 Tito alipokuja Tanzania kumtembelea Mwalimu Nyerere, yeye alikuwa mtoto wa shule jijini Dar es Salaam, na jina hilo halijamtoka akilini hadi leo.

Nimefikiria tulale Zagreb siku chache, kisha Split, kisha tumalizie Dubrovnik, na katika kila mji tufanye safari za kwenda na kurudi siku hiyohiyo, ili mama asihangaike kufungasha mizigo kila asubuhi. Mambo matatu yananitatiza. La kwanza, matangazo ya kampuni za matembezi ni mengi mno, na kila moja linaahidi miji mitatu na maporomoko ya maji ndani ya siku moja. Sijui kama ni busara kulipia safari hizo au tupande mabasi ya kawaida. La pili, picha za kasri zote zinavutia, lakini picha haimwambii mtu kama ndani mna kitu cha kuona na kusoma au ni vyumba vitupu. Na ieleweke kwamba goti la mama halipendi ngazi ndefu. La tatu, safari nyingi zinazotangazwa kutoka Split na Dubrovnik zinaelekea Mostar (Bosnia) na Kotor (Montenegro), ilhali viza ya Schengen, yaani ya nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, aliyopewa mama ni ya kuingia mara moja tu. Mwenye uzoefu naomba anielekeze.

Mzee_wa_Maksimir amejibu:

Binti yangu, mfikishie mama salamu zangu za heshima, maana mwalimu ni mwalimu hata akistaafu. Nimeishi Zagreb tangu nilipokuja kusoma enzi za Yugoslavia, wakati vijana wengi kutoka nchi zisizofungamana na upande wowote walipopata nafasi za masomo huku. Kwa hiyo nitazungumzia upande wa kaskazini tu, na pwani nitawaachia wanaoishi huko.

Kaskazini mwa Zagreb kuna eneo la vilima linaloitwa Hrvatsko Zagorje, na humo ndimo zilimojazana kasri nyingi unazoziona pichani. Kwenye ramani zinaonekana kama zimepakana, na hapo ndipo wageni wengi wanapopanga mambo yasiyowezekana, kwa kuwa usafiri wa umma wa eneo hilo umepangwa kuwapeleka watu Zagreb na kuwarudisha makwao. Kutoka kasri moja hadi nyingine hakuna basi la kutegemea. Ukikodi gari, mnaweza kuona sehemu mbili kwa siku bila kukimbizana. Bila gari, chagueni moja na muikae ipasavyo.

Kumrovec, kijiji cha Tito, msikiache kwa sababu yoyote ile. Sehemu ya zamani ya kijiji imehifadhiwa yote kama makumbusho ya wazi, na nyumba zake zimerudishwa katika hali ya mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20: utaingia kwa mhunzi ukute mvukuto na koleo, utaingia kwa mfinyanzi ukute vyungu rafuni, na nyumba nyingine imepangwa vyombo vya harusi ya kijijini. Nyumba ya akina Broz ni mojawapo tu kati ya hizo. Humo ndimo alimozaliwa Tito mwaka 1892, mtoto wa baba Mkroatia na mama Mslovenia, na uani imesimama sanamu yake ya shaba akiwa amevaa koti refu la kijeshi, akiwa ameinamisha kichwa kama mtu anayewaza, kazi ya Antun Augustinčić ya mwaka 1948. Mwezi Desemba mwaka 2004 watu waliilipua usiku, kichwa kikakatika, nayo ikatengenezwa ikarudishwa mahali pake. Ninayataja hayo kwa sababu mama atauliza maswali, na ni vizuri ajue mapema kwamba huku jina la Tito linawagawa watu: wako wanaomkumbuka kama kiongozi aliyewafukuza mafashisti na kuijenga nchi, na wako ambao jamaa zao waliuawa na jeshi lake mwaka 1945 au walifungwa baadaye kwa sababu za kisiasa. Waelezaji wa makumbusho huzungumza kwa tahadhari, wala msitarajie sifa nyingi au lawama nyingi. Mkiwa na gari, Klanjec iko karibu, na huko kuna nyumba ya sanaa yenye kazi za huyohuyo Augustinčić. Ndiye aliyechonga mpanda farasi wa amani aliyesimama mbele ya Umoja wa Mataifa jijini New York.

Kwa mwalimu wa historia anayetoka nchi ya Olduvai, Krapina ni lazima. Mwaka 1899 Dragutin Gorjanović-Kramberger alianza kuchimba katika kilima cha Hušnjakovo, akapata mamia ya vipande vya mifupa ya Waneanderthal, aina ya binadamu wa kale waliokwisha kutoweka, walioishi yapata miaka 130,000 iliyopita. Kinachonivutia mimi zaidi ya mifupa yenyewe ni namna alivyofanya kazi: alipima kiasi cha florini ndani ya mifupa ili kuonyesha kwamba watu hao na wanyama waliokutwa nao ni wa wakati mmoja, na alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupiga mifupa ya kale picha za eksirei. Makumbusho ya sasa yalifunguliwa mwaka 2010, na ukuta wake wa mbele ni kioo kilichoingizwa kwenye ubavu wa kilima. Mwishoni utakuta familia nzima ya Waneanderthal ikiwa katika shughuli zake pangoni, sanamu zilizotengenezwa na Mfaransa Elisabeth Daynès, na wageni wengi husita kidogo kuzisogelea. Mifupa halisi haiko pale. Imehifadhiwa Zagreb katika Makumbusho ya Historia ya Asili. Kilima palipochimbwa kiko hatua chache kutoka hapo, ila kina mpando, na mama anaweza kukitazama kutokea chini bila kupoteza kitu.

Sasa kasri. Trakošćan ndiyo inayopigwa picha kuliko zote, na ninyi mkienda mtaipiga pia. Ngome ya mahali pale ni ya karne ya 13, lakini sura mnayoiona leo, pamoja na ziwa lililo chini yake, ni matokeo ya ukarabati wa katikati ya karne ya 19 ambao ukoo wa Drašković uliufanya kwa kufuata mtindo wa mapenzi ya mambo ya kale uliokuwa umeenea Ulaya nzima wakati huo. Wako wanaoidharau kwa sababu hiyo. Mimi siidharau, kwa kuwa samani, silaha na picha za ukoo zilizomo ni za nyumba ileile, na kuna michoro ya Julijana Erdödy Drašković, mke wa mwenye kasri hiyo, ambaye alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Kroatia kusomea uchoraji. Tatizo lake ni ngazi, za nje na za ndani. Veliki Tabor, iliyo juu ya kilima karibu na Desinić, ina kuta za ngome halisi na ua wenye baraza za matao ghorofa juu ya ghorofa. Ila vyumba vyake vina vitu vichache, na sehemu kubwa ya wanaoenda wanavutwa na hadithi ya Veronika, msichana wa watu wa kawaida anayesemekana kuuawa humo kwa sababu ya kupendwa na mtoto wa bwana mkubwa. Fuvu lililokutwa ukutani wakati wa ukarabati linaonyeshwa kama lake. Wanahistoria wanakielekeza kifo chake, mwaka 1425, upande wa Slovenia.

Kama goti la mama litawazuia kupanda, nendeni Varaždin badala ya kasri za vilimani. Basi la moja kwa moja kutoka Zagreb lipo mara nyingi kwa siku, mji ni tambarare, na ngome yake ya kale, yenye handaki na mabaraza meupe, ndiyo makumbusho ya mji. Mji huo ulikuwa makao makuu ya Kroatia kuanzia mwaka 1767 hadi ulipoteketea kwa moto mwaka 1776, na ndiyo maana majumba yake mengi yana umri unaokaribiana.

Ndani ya Zagreb kwenyewe, kabla ya kwenda popote angalieni tovuti ya makumbusho husika, kwa sababu tetemeko la Machi 2020 liliharibu majengo mengi na mengine yalifungwa kwa miaka. Kitu ambacho ningependa mama akione, kikiwa kimetolewa kuonyeshwa, ni kitabu cha kitani cha Makumbusho ya Akiolojia: mwaka 1848 mtu mmoja aitwaye Mihajlo Barić alinunua maiti iliyokaushwa huko Misri kama kumbukumbu ya safari, na baadaye ikagundulika kwamba vitambaa vilivyoviringishwa mwilini vimeandikwa kwa Kietruria, lugha ya watu wa kale wa Italia, na ni maandishi marefu kuliko yote ya lugha hiyo yaliyosalia duniani.

Kuna mahali pengine ambapo nitapataja tu. Jasenovac, kusini-mashariki mwa Zagreb, palikuwa na kambi ya mauaji ya utawala wa Ustaša, mafashisti wa Kroatia, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Orodha ya majina yaliyokusanywa ina watu 83,145, wengi wao Waserbia, Waroma na Wayahudi. Mnara mkubwa wa saruji wenye umbo la ua la mmea, kazi ya Bogdan Bogdanović, umesimama pale tangu mwaka 1966. Mkienda, iwe ndiyo safari ya siku hiyo nzima. Msipaunganishe na kasri na chakula cha mchana.

Mwisho, kama mnatafuta mahali pa kuswali, msikiti mkubwa wa Zagreb uliokamilika mwaka 1987 una mgahawa wa chakula halali, na tramu inafika jirani.

Pwani_Split amejibu:

Dada, namuunga mkono Mzee kwa yote isipokuwa neno moja nitakalolisema mwishoni. Mimi ninafanya kazi hotelini Split, na kila jioni ninawasikia wageni wakirudi kutoka kwenye safari hizo za siku moja, kwa hiyo nimejifunza kusoma matangazo.

Safari inayoahidi miji mitatu na maporomoko kwa kawaida ina saa nyingi za kiti cha basi. Niliwahi kupanda mojawapo, ya kampuni ambayo sitaitaja, na mjini Šibenik tulipewa muda mfupi ambao nusu yake iliishia kwenye foleni ya choo. Waliokuwa na hamu ya kuingia kanisani waliambiwa wapige picha mlangoni. Kabla ya kulipa, uliza maswali manne kwa maandishi: mtakaa saa ngapi katika kila kituo, kiingilio kimo au hakimo ndani ya bei, mwongozaji ana leseni ya eneo lile au ni dereva anayesimulia, na basi litawashusha umbali gani kutoka langoni. Huku leseni za waongozaji hutolewa kwa maeneo, na aliyefaulu mtihani wa mkoa wa Split ni mtu anayeijua kazi yake. Kumkodi kwa saa mbili ndani ya mji ni afadhali mara nyingi kuliko siku nzima ya kuburutwa.

Split yenyewe haihitaji basi wala kampuni. Kasri ya Diokletiano, kaizari wa Roma, iliyokamilika karibu na mwaka 305 ndiyo mji wa kale wenyewe: watu wanaishi ndani ya kuta zake, nguo zinaanikwa juu ya matao ya Kirumi, na maduka yamekaa palipokuwa na korido za walinzi. Mtu aliyekulia karibu na Mji Mkongwe wa Zanzibar au Mombasa ataielewa mara moja, kwa sababu ni urithi wa dunia ambao mtu anaupitia akienda kununua mkate. Kwenye uwanja wa nguzo, Peristil, yupo sfinksi (sanamu ya simba mwenye kichwa cha mtu) wa jiwe jeusi aliyeletwa kutoka Misri, ambaye tayari alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 1,500 wakati kaizari anajenga. Hapohapo ni kaburi la Diokletiano, lililogeuzwa kuwa kanisa kuu la Mtakatifu Domnius, askofu aliyeuawa katika mateso ya Wakristo yaliyoamriwa na kaizari huyohuyo. Mama atalifurahia hilo.

Mlipie kiingilio cha vyumba vya chini. Vilijengwa ili kuinyanyua kasri iwe sawa na ardhi ya upande wa juu, kwa hiyo ramani ya vyumba vya chini ni ileile ya vyumba vya kaizari vilivyokuwa juu yake na ambavyo vimekwisha kubomoka. Vilisalia kwa sababu kwa karne nyingi wakazi walitoboa sakafu na kumwaga taka humo hadi vikajaa, na hakuna aliyeweza kuvibomoa. Hadi leo kuna kona ambako taka hizo zimeganda kama mwamba, na ukisogea karibu utaona vigae na mifupa ya mifugo ikichungulia. Jambo la kuzingatia ni viatu: mawe ya barabara yamelainishwa na nyayo na yanateleza hata wakati wa kiangazi, hivyo mama avae soli ya mpira.

Nje ya mji, Klis inafikika kwa basi la kawaida. Ngome hiyo imekaa kwenye mwamba unaotazama mlango wa milima na bahari kwa pamoja, na ndiyo maana kila mwenye nguvu aliitaka. Petar Kružić aliilinda dhidi ya Waturuki kwa zaidi ya miaka 20, akauawa mwaka 1537, na ngome ikaanguka; Waturuki wakakaa hadi Venice ilipoitwaa mwaka 1648. Juu kabisa kuna jengo dogo la mawe lenye kuba. Ni msikiti waliouacha Waturuki, ambao baada ya mnara wake kuvunjwa uligeuzwa kuwa kanisa la Mtakatifu Vid, na ukiingia utaona bado una umbo la msikiti. Ila ni mpando wa mawe yasiyo sawa kutoka langoni hadi huko juu, na kivuli ni haba. Salona, magofu ya mji wa Kirumi yaliyoko Solin, ni nafuu zaidi kwa goti, lakini ni shamba kubwa lisilo na mti. Mwende asubuhi mkiwa na maji na kofia.

Sasa suala la viza, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kroatia iliingia Schengen tarehe 1 Januari 2023, kwa hiyo mnaweza kutoka Graz kupitia Slovenia hadi Dubrovnik kwa viza hiyohiyo, ingawa pasipoti iwe mkononi kwa kuwa askari husimamisha magari kati ya nchi hizo siku yoyote. Bosnia na Montenegro hazimo. Mama akivuka kwenda Mostar au Kotor, hata akiruhusiwa kuingia huko, viza ya kuingia mara moja itakuwa imekwisha kazi na hataweza kurudi Kroatia, na kampuni ya matembezi haitabeba dhima hiyo. Wauzaji wengi wa safari hawaulizi kitu kuhusu viza, kwa sababu wateja wao wengi ni Wazungu.

Kuna mtego wa pili katika njia ya kwenda Dubrovnik. Pwani ya Kroatia imekatwa na kipande cha Bosnia chenye mji wa Neum, na zamani kila basi lilipita humo. Tangu Julai 2022 kuna daraja la Pelješac, lenye urefu wa mita 2,404, linalokizunguka kipande hicho kupitia rasi, na mabasi mengi sasa yanapita darajani. Hata hivyo, unapokata tiketi uliza waziwazi kama basi linapita Neum. Ukitaka kuondoa shaka kabisa, boti za abiria za Split hadi Dubrovnik bado zinafanya kazi mwezi wa Septemba.

Na lile neno moja: Mzee, Veliki Tabor umeionea. Ule ua wa matao peke yake unastahili safari.

Mlinzi_wa_Kale amejibu:

Ninafanya kazi ya uhifadhi wa majengo ya kale Mombasa, na niliwahi kupelekwa Dalmatia, pwani ya Kroatia, kwa mafunzo. Ninaona wengi wamekimbilia Split na Dubrovnik, nami ningependa kuutetea mji wa Šibenik, ambao uko kama kilomita 80 kutoka Split na una mabasi ya kutosha kwenda na kurudi siku moja.

Kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo lilijengwa kati ya mwaka 1431 na 1535, na paa lake lote ni la mawe, bila boriti wala tofali. Juraj Dalmatinac, aliyesimamia kazi kuanzia mwaka 1441, alifanya mawe yafungane kwa ndimi na mifereji kama seremala anavyounga mbao, na baada yake Nikola Firentinac akaezeka kwa mabamba ya mawe yaliyopindwa. Tulipelekwa juu kuangalia maungio hayo kwa karibu, na fundi wetu mmoja kutoka Lamu alikaa akiyapapasa hadi tukaachwa na wenzetu. Watalii hawapandi huko, lakini nje ya ukuta wa nyuma, kwa usawa unaoonekana vizuri kutoka barabarani, vimepangwa vichwa zaidi ya 70 vilivyochongwa, vya watu wa kawaida wa mji ule: mwenye meno yaliyong'oka, aliyenuna, mtoto, mzee mwenye kilemba. Vichwa hivyo havina kiingilio wala ngazi. UNESCO ililiorodhesha kanisa hilo mwaka 2000, mwaka uleule ulioorodheshwa Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Kwenye mlango wa bahari wa Šibenik imesimama ngome ya Mtakatifu Nikola, ambayo Wavenice waliijenga katika miaka ya 1540 kwa ramani ya Giangirolamo Sanmicheli. Inafikiwa kwa mashua. Aliyeizoea Fort Jesus ataitambua haraka, kwa kuwa ngome yetu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilichorwa na Mwitalia mwingine, Giovanni Battista Cairati wa Milan, aliyekuwa akiwatumikia Wareno. Zote mbili ni matunda ya elimu moja ya kujenga pembe za mshale ili kila ukuta ulindwe na mizinga ya ukuta wa pili. Ile ya Šibenik ina pembe tatu, imekaa majini karibu kabisa, na sehemu yake ya juu ni ya matofali juu ya msingi wa mawe.

Kuhusu Dubrovnik, nitasema tofauti na matangazo: kupanda ukuta wa mji si lazima kwa mama. Ukuta una urefu wa mita 1,940, unapanda na kushuka kwa ngazi muda wote, na ukishaanza unafuata njia ya upande mmoja pamoja na umati wa meli za kitalii. Dada anaweza kupanda peke yake saa ya kufungua, huku mama akiingia Kasri ya Rekta, mkuu wa jamhuri ya zamani ya Dubrovnik, na duka la dawa la watawa Wafransisko lililoanzishwa mwaka 1317. Nunueni pasi ya mji badala ya tiketi ya ukuta peke yake. Bei zake hukaribiana, na pasi inahusisha makumbusho kadhaa na mabasi ya mjini.

Mwalimu wa historia wa pwani yetu ana sababu mbili za kwenda Dubrovnik ambazo hazimo kwenye matangazo. Mwaka 1377 jamhuri hiyo ilitunga sheria ya kuwatenga kwa siku 30 wageni waliotoka sehemu zenye tauni kabla ya kuingia mjini, na majengo ya Lazareti yaliyofuata, ya mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa 17, bado yapo nje ya lango la mashariki, marefu na yenye nyua zake za kutenganisha bidhaa na watu. Na mwaka 1416 Baraza Kuu lilipiga marufuku raia wake kufanya biashara ya watumwa. Marufuku hiyo iligusa biashara na wala haikufuta utumwa wenyewe, na wafanyabiashara wa Dubrovnik waliendelea kutafuta mianya. Hata hivyo, tukikumbuka kwamba soko la Zanzibar lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, ni jambo la kumfanya mtu asimame mbele ya nyaraka hizo na kutafakari ni faida gani ya kisiasa mji ule mdogo uliyoiona mapema hivyo.

Mwana_wa_Tanga amejibu:

Nimemsomea mama majibu yenu kwa simu, naye anawashukuru sana. Suala la Mostar tumelifuta kabisa, na Veliki Tabor ameiondoa orodhani mara aliposikia habari za fuvu. Yamebaki mawili madogo. Siku yetu ya tatu Zagreb itaangukia Jumatatu, na ninaona makumbusho mengi yameandika kwamba yanafungwa siku hiyo. Pia, kutoka Dubrovnik ninataka safari moja tu ya nje ya mji ambayo haivuki mpaka na haina kilima: twende Ston au kisiwa cha Lokrum?

Mzee_wa_Maksimir amejibu:

Jumatatu ifanyeni siku ya barabarani, binti yangu. Krapina hufungwa siku hiyo, na mengi ya hapa mjini pia. Mkiondoka asubuhi kwa basi la Split mtafika mchana, na jioni mtatembea ndani ya kasri ya Diokletiano, ambayo mitaa yake haina mlango wa kufungwa. Krapina na Kumrovec ziwekeni Jumamosi na Jumapili kwa gari la kukodi, kwa sababu mabasi ya wikendi huko Zagorje ni ya kukatisha tamaa.

Pwani_Split amejibu:

Nendeni Ston. Lokrum ni kisiwa kizuri cha kupumzika na watoto, ila historia yake mtaimaliza mapema. Ston iko kwenye shingo ya rasi ya Pelješac, na Dubrovnik iliizungushia ukuta baada ya kuipata mwaka 1333 ili kulinda chumvi, bidhaa iliyoijaza hazina ya jamhuri kwa karne nyingi. Ukuta uliosalia una urefu wa kilomita 5 na nusu, na sehemu inayovuka kilima kwenda Mali Ston ni kali kweli. Lakini mashamba ya chumvi yenyewe yako chini, tambarare, na bado yanavuna kila kiangazi kwa jua na upepo, kwa hiyo mwezi wa Septemba mnaweza kuwakuta wakikusanya. Kabla hamjaondoka kituoni, piga picha ratiba ya mabasi ya kurudi, kwa kuwa ya alasiri ni machache. Mama abaki kwenye mashamba ya chumvi na mkahawani, wewe upande kipande cha ukuta unachokiweza, na bado mtarudi Dubrovnik kabla ya magharibi.